Land Cruiser 80 iliyoinuliwa milimita 75: usukani haurudi katikati na gari linatangatanga

Nyayo za Porini:

Wanajukwaa, salamu. Naomba ushauri kuhusu Land Cruiser 80, yenye ekseli ngumu mbele na springi za koili, ambayo imeinuliwa kwa milimita 75 mbele na nyuma kwa kufungwa springi na shokapu ndefu zaidi, kisha ikavishwa matairi ya inchi 33. Kabla ya kazi hiyo gari lilikuwa likienda moja kwa moja bila kulishikilia sana, lakini sasa likifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huanza kutangatanga na kunilazimisha kulirekebisha kila wakati. Nikimaliza kukata kona, usukani haurudi wenyewe; unabaki palepale nilipouacha mpaka niurudishe kwa mkono.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sijui kama yanahusiana na hilo. Kwanza, gari likiwa linaenda sawasawa, usukani umelala kidogo kuelekea kulia. Pili, nikilitazama gari kwa mbele, tairi la kushoto limetokeza nje ya tao la bodi kuliko la kulia, na nilipopima kwa kamba yenye timazi nilipata tofauti ya milimita 16 kati ya pande mbili.

Nilipeleka gari kupimwa kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupima pembe za magurudumu. Karatasi inaonyesha kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, kwa mbele au nyuma) nyuzi −1.1 kushoto na −0.8 kulia, kemba (mlalo wa tairi kwa ndani au nje) iko ndani ya kiwango pande zote, na tou-ini (matairi kuelekeana kwa mbele) ya jumla ni milimita 6. Aliyepima alisema kwamba kwenye ekseli ngumu kinachorekebishika ni tou peke yake, akanishauri nifunge shokapu kubwa zaidi ya usukani ili gari litulie, na akajitolea kuuchomoa usukani kwenye meno yake na kuurudisha ukiwa umenyooka. Sikukubali lolote kati ya hayo kabla ya kuuliza hapa. Je, nianzie wapi, na kwa mpangilio gani?

---

Springi ya Koili:

Ndugu Nyayo, ulifanya vyema kusubiri, kwa sababu mapendekezo yote mawili uliyopewa yanaficha dalili na kuacha chanzo kikiendelea. Karatasi yako yenyewe imeshajibu sehemu kubwa ya swali. Kasta ya kiwandani kwa gari hilo ni takriban nyuzi 3 chanya, nayo yako sasa imeshuka chini ya sifuri. Gari lenye kasta hasi hushindwa kurudisha usukani katikati ipasavyo, hata lifungwe shokapu ya aina gani.

Nieleze kwa nini, maana ukilielewa hili utaweza kumwelekeza fundi yeyote. Chora akilini mstari unaopita katikati ya kingpini ya juu na ya chini, yaani pini mbili ambazo gurudumu hugeukia, kisha uuendeleze hadi ardhini. Kasta ikiwa chanya, mstari huo umelala kwa nyuma upande wa juu, na unagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi linaburutwa nyuma ya mhimili wake, na msuguano wa barabara hulivuta lirudi kwenye mstari wa mwendo kila linapogeuzwa. Kwa tairi lenye kimo cha takriban milimita 400 kutoka ardhini hadi katikati ya gurudumu, kasta ya nyuzi 3 hutoa umbali wa milimita 21 hivi. Kwa kasta ya nyuzi −1, umbali huo unakuwa milimita 7 upande usiofaa, yaani tairi sasa linasukumwa mbele ya mhimili wake na linatafuta kila sababu ya kugeuka. Huko ndiko kutangatanga unakokusikia.

Sababu ya kupoteza kasta ni namna ekseli ilivyoshikwa. Imebebwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, wakati upande wa pili umefungwa kwenye chasisi kwa bushi moja, yaani bomba la chuma lenye mpira. Kwa kuwa ekseli haiwezi kuzunguka peke yake bila mkono, chasisi inapopanda mkono huinama, na ekseli huzungushwa kwa pembe ileile, kingpini zikiegemea mbele. Hesabu yake si ngumu: gawa kimo ulichoinua kwa urefu wa mkono kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye bushi ya chasisi. Mkono wa milimita 1000 ukiinuliwa milimita 75 utainama kwa takriban nyuzi 4.3. Ukitoa hizo kwenye 3 za kiwandani unapata −1.3, ambayo inakaribiana sana na karatasi yako. Jambo hili lanifurahisha kwa sababu linaonyesha kwamba ekseli yako haijapinda. Hesabu na mashine vimekubaliana. Tofauti ya nyuzi 0.3 kati ya kushoto na kulia nayo ni ndogo na haina madhara. Ingezidi nyuzi 1, hapo ningeshuku kwamba nyumba ya ekseli imesokotwa, na gari lingevuta upande wenye kasta ndogo.

Kuhusu tiba, njia iliyozoeleka ni kubadilisha bushi za mikono upande wa ekseli na kuweka zile ambazo tundu lake la bolti halipo katikati, ili ekseli izungushwe kurudi nyuma. Bushi hizo huwekwa kwa mashine ya kubana na zina alama inayoonyesha upande wa kuelekea. Zikiingizwa kinyume hupunguza kasta badala ya kuiongeza, na kosa hilo haligunduliki kwa macho mpaka gari lirudi kwenye mashine. Simama karibu na fundi anapozisukuma ndani.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, hakikisha hakuna kilicholegea. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, injini ikiwaka, mtu mmoja aucheze usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi huku wewe ukiangalia tairodi endi zote (viungo vya ncha za rodi zinazogeuza magurudumu), bushi za rodi ya Panhard (ile inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia), bolti za boksi la usukani kwenye chasisi, na beringi za magurudumu. Weka kidole kwenye kila kiungo, nusu juu ya kipande kimoja na nusu juu ya kingine. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Beringi za kingpini zipimwe pia, kwa sababu zikikosa mkazo wake wa awali, matairi makubwa huanza kutikisika hata kama pembe zote ni sahihi.

---

Mkono wa Chuma:

Naunga mkono maelezo ya Springi ya Koili kuhusu kasta, na ningependa kushughulikia yale mawili ambayo mwuliza swali aliyaona kama ya pembeni, kwa maana ndiyo yanayovuruga mpangilio wa kazi yakishughulikiwa vibaya.

Tofauti ya milimita 16 haimaanishi kwamba ekseli imehama milimita 16. Tairi moja limetoka nje kwa milimita 8 na jingine limeingia ndani kwa milimita 8, hivyo ekseli imehama milimita 8 tu. Rodi ya Panhard inaunganisha ekseli na chasisi kwa mshazari. Urefu wake haubadiliki, lakini chasisi inapopanda rodi husimama zaidi, na upana inaoufikia hupungua, kwa hiyo ekseli huvutwa kuelekea upande ambao rodi imefungwa kwenye chasisi. Rodi ya milimita 900 ambayo awali ilikuwa na mteremko wa milimita 60 ikiongezewa 75 itavuta ekseli kwa takriban milimita 8. Tena hesabu na kipimo chako vinakubaliana, na hapana shaka kwamba huna tatizo jingine hapo. Tiba ni rodi inayorekebishika urefu, irefushwe mpaka ekseli irudi katikati. Gari lipimwe likiwa limesimama kwa matairi yake mahali tambarare, na kipimo kichukuliwe kutoka kwenye chasisi, si kwenye matao ya bodi, kwa sababu bodi ya gari lililokwisha kutumika sana haikai katikati ya chasisi kila mara.

Sasa usukani. Rodi inayotoka kwenye mkono wa boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu, ambayo mafundi wengi huiita dragilinki, nayo imesimama zaidi baada ya kuinuliwa, na kwa njia ileile upana wake umepungua. Kama dragilinki na rodi ya Panhard zingekuwa na urefu mmoja na mteremko mmoja, ekseli ingehama kwa kiasi kilekile ambacho dragilinki imevuta, na usukani usingepinda hata kidogo. Hazilingani kikamilifu, ndiyo maana umelala kidogo tu. Lakini ukiirefusha rodi ya Panhard na kuisukuma ekseli milimita 8, usukani utapinda upya. Ndiyo sababu ya kutougusa kabla ya kumaliza kazi ya ekseli: anayeunyoosha leo atalazimika kuunyoosha tena kesho.

Na usikubali kabisa uchomolewe kwenye meno yake. Meno ya ndani ya boksi la usukani yametengenezwa yabanane zaidi yanapokuwa katikati kabisa, ili gari lisiwe na mchezo linapoenda moja kwa moja. Ukiuhamisha usukani wenyewe, macho yataridhika, lakini boksi litakuwa linafanya kazi nje ya katikati yake, pale ambapo mchezo ni mkubwa zaidi, na gari litakata kona zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Njia sahihi ni kufungua dragilinki upande mmoja, kuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, kuurudisha nusu ya hesabu hiyo ili boksi liwe katikati, kisha kunyoosha magurudumu na kurekebisha urefu wa dragilinki hadi iingie mahali pake bila kulazimishwa. Bomba lake la katikati lina ngazi (mikato ya skrubu) za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwingine, hivyo kulizungusha hurefusha au hufupisha rodi. Hakikisha ngazi za kutosha zimebaki ndani pande zote mbili; ikiwa limefunguliwa hadi karibu na mwisho, tafuta rodi ndefu zaidi.

Jambo moja la mwisho katika hili: kuna wanaonunua kibamba cha kuinua upande mmoja wa rodi ya Panhard ili ilale zaidi, wakaiacha dragilinki vilevile, na kuna wanaofunga mkono wa boksi ulioshushwa wakaiacha rodi ya Panhard. Kila mmoja amevunja usambamba wa rodi hizo mbili. Matokeo yake ni kwamba gari likipita kwenye tuta, ekseli inasogea kwa tao moja na dragilinki kwa tao jingine, na gari linajigeuza lenyewe bila usukani kuguswa. Zote mbili zibadilishwe kwa pamoja, la sivyo ziachwe zote.

---

Gurudumu la Tano:

Naomba kutofautiana kidogo na Springi ya Koili kuhusu bushi. Kwa gari lililoinuliwa milimita 50, bushi zenye tundu la pembeni hutosha, kwa sababu kwa kawaida hurudisha nyuzi 2 hivi, na baadhi hufikia 3. Ndugu Nyayo ameinua 75 na anahitaji nyuzi 4 ili kurudi alipokuwa. Bushi peke yake zitampeleka kwenye nyuzi 1 au 2 chanya, atasikia nafuu, atatangaza kwamba tatizo limekwisha, na bado gari litakuwa legelege kwenye mwendo wa barabara kuu. Isitoshe, bushi za aina hiyo zina mpira mwembamba sana upande mmoja. Mpira huo ndio unaoruhusu mikono miwili kujipinda wakati gurudumu moja liko juu ya jiwe na jingine shimoni, na ukiwa mwembamba hupasuka mapema kwa mtu anayeendesha porini kwa kweli.

Kwa kimo chake ningechagua mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni mikono mipya iliyotengenezwa ikiwa na pembe ya marekebisho ndani yake, ambayo hutumia bushi za kawaida zenye mpira kamili. Ya pili ni mabamba ya chuma yanayofungwa kwenye ekseli na kuhamisha mahali pa bolti za mikono. Ya tatu ni mabano ya kushusha ule mwisho wa mkono ulio kwenye chasisi, ambayo kwa maoni yangu hulainisha mwendo kuliko zote, kwa sababu hurudisha mkono kwenye mlalo wake wa awali badala ya kurekebisha matokeo tu. Ubaya wake ni kwamba mabano hayo hukaa chini na hugonga mawe. Anayeendesha kwenye mchanga na tope angeyapenda, anayepanda miamba angeyachukia.

Kuna pia jambo ambalo halijatajwa, nalo ni propela ya mbele, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele. Ekseli inapozungushwa ili kuongeza kasta, pua ya difu, pale propela inapofungwa kwenye ekseli, hushuka. Land Cruiser 80 nyingi zina gari-nne la kudumu, yaani injini huendesha magurudumu yote manne na propela ya mbele inazunguka muda wote, hivyo pembe za jointi zake si jambo la kupuuza. Propela ya kawaida yenye jointi moja kila mwisho huhitaji pembe za pande mbili zilingane. Kwa hiyo nyuzi zilezile unazorudisha kwenye kasta zinarudisha pia uhusiano wa awali kati ya flanji ya difu na ile ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), na hilo ni jema. Hata hivyo pembe zenyewe zimekuwa kubwa pande zote mbili: propela ya milimita 700 ikiinuliwa 75 huongezewa takriban nyuzi 6 kwenye kila jointi. Ndiyo maana nashauri mtu alenge nyuzi 3, au 4 kwa kuzidi, na asiwafuate wanaojisifu kwa nyuzi 6. Huko usukani huwa mzito, pua ya difu hushuka kupita kiasi, na mtikisiko unaotafutwa kuondolewa unarudi kwa mlango mwingine. Wenye magari ambayo magurudumu ya mbele yanaweza kufunguliwa kwenye vitovu vyake wana uhuru zaidi, kwa kuwa kwenye lami propela yao haizunguki.

Kuhusu shokapu ya usukani, sitarudia yaliyosemwa. Nitaongeza tu kwamba zile zenye gesi ya shinikizo hujisukuma kurefuka zenyewe, na kwenye usukani usio na kasta msukumo huo unatosha kulivuta gari upande mmoja, kisha mtu akahangaika na tou bila sababu.

---

Springi ya Koili:

Ndugu Gurudumu la Tano, nakubaliana nawe kuhusu kiwango cha bushi kwa milimita 75. Nilizitaja kama njia iliyozoeleka, na kwa kimo hiki mikono mipya au mabano ni bora. Sikubaliani tu na kwamba mabano hugonga mawe kila mara, maana inategemea matairi na pembe ya kuingilia. Lakini hilo ni suala la mahali mtu anapoendesha.

---

Nyayo za Porini:

Nashukuru sana, wakuu. Nimeelewa kwamba ekseli inatangulia na usukani unakuja mwisho. Yamebaki maswali mawili. Kwanza, je, naweza kupima kasta na tou mwenyewe kabla ya kurudi kwenye mashine, ili nijue kama kazi imefanyika? Pili, gari hubeba mizigo mingi nyuma tunaposafiri. Je, nipime likiwa tupu au likiwa limepakiwa?

---

Mkono wa Chuma:

Unaweza, na ni vizuri ufanye hivyo. Kwa kasta, tafuta kipimo cha pembe cha kidijitali, ukiweke kwenye uso uliochongwa sawa wa flanji ya difu, na uandike namba kabla ya kufungua chochote. Ukimaliza kazi pima tena palepale, gari likiwa limesimama sakafu ileile. Kwa kuwa difu na kingpini zimo kwenye kipande kimoja cha ekseli, tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kasta uliyoiongeza. Haikupi kasta yenyewe, lakini karatasi unayo tayari: ongeza tofauti kwenye −1.1 na −0.8, umepata jibu.

Kwa tou, inua gurudumu moja moja, lizungushe, na uchore mstari mwembamba katikati ya tairi kwa msumari ulioshikiliwa imara juu ya tofali au stendi. Shusha gari, liviringishe mbele mita chache ili matairi yatulie, usirudishe nyuma, kisha pima umbali kati ya mistari hiyo miwili kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo kilekile cha katikati ya gurudumu. Mbele pakiwa pafupi kuliko nyuma, hiyo ni tou-ini. Milimita 6 ulizonazo ni nyingi na zitakula kingo za nje za matairi. Lenga milimita 1 hadi 3. Kwa tairi la inchi 33, milimita 3 ni nyuzi 0.2 tu kwa jumla, kwa hiyo kosa dogo la kupima lina uzito, na ndiyo maana kazi hii haina haraka. Kwenye gari lako tairodi, rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, iko nyuma ya ekseli, hivyo kuirefusha huongeza tou-ini na kuifupisha hupunguza. Kwenye magari ambayo tairodi iko mbele ya ekseli ni kinyume chake. Baada ya kukaza, hakikisha tairodi endi mbili hazijageukiana kwa pembe tofauti, kwani rodi inatakiwa iweze kuyumba kidogo kwa mkono pande zote.

Tou ipimwe baada ya kasta kukamilika, kamwe si kabla. Kuhusu mizigo, pima gari likiwa katika hali linayoendeshwa mara nyingi. Nyuma ikishuka kwa mzigo, gari zima linaegemea nyuma na kasta huongezeka. Nyuma ikiwa juu kuliko mbele, kasta hupungua. Urefu kati ya ekseli zako ni milimita 2850, kwa hiyo kila milimita 25 za tofauti kati ya mbele na nyuma ni takriban nusu nyuzi. Wapo waliopoteza nusu nyuzi kwa kufunga springi ngumu za mizigo nyuma na kuendesha gari tupu mwaka mzima.

---

Taa ya Ukungu:

Samahani kwa kudandia mada. Mimi nina Hilux yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, nayo imeinuliwa milimita 50. Je, haya yote yananihusu?

---

Gurudumu la Tano:

Kwa sehemu ndogo tu, ndugu. Wewe huna rodi ya Panhard mbele wala ekseli ya kuzungushwa. Una mikono ya juu na ya chini kila upande, na kuinua gari hubadilisha kasta, kemba na tou kwa pamoja. Gari lako hurekebishwa kwa bolti zenye kamu (sahani ambayo tundu lake halipo katikati) kwenye mikono ya chini, ambazo fundi wa alaimenti huzizungusha kupata kasta na kemba, kisha anamalizia tou kwenye rodi za usukani. Kwa milimita 50 bolti hizo mara nyingi huwa karibu na mwisho wa uwezo wake, na zikishindwa kufikisha kasta inabidi kubadilisha mikono ya juu. Usiende juu zaidi ya hapo bila kushusha difu ya mbele, kwa sababu jointi za shafti za magurudumu zitafanya kazi kwenye pembe kali na mipira yake itapasuka. Tafadhali fungua mada yako, maana vipimo vyako ni tofauti na tutawachanganya wasomaji.

---

Springi ya Koili:

Nirudi kwa Ndugu Nyayo kwa mambo machache ambayo mafundi huyaruka wakiwa na haraka. Bolti zote za bushi za mpira, za mikono na za rodi ya Panhard, zikazwe mkazo wa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki, mpira hujifunga ukiwa umesokotwa, gari linakaa juu kuliko linavyopaswa, na bushi zinachanika baada ya muda mfupi. Kwa hiyo hata kipimo cha kasta ulichopata siku hiyo kinakuwa cha uongo. Rudia kukaza baada ya kilomita mia chache, hasa bolti za rodi ya Panhard. Hizo zikilegea, gari likigonga shimo mwendo ukiwa mkubwa linaweza kuingia kwenye mtikisiko wa mbele usiokoma mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama.

Kagua pia kwamba mipira ya breki inafika bila kuvutika ekseli ikishuka hadi mwisho, na kwamba matairi yako mapana hayagusi mikono ya ekseli usukani ukikatwa hadi mwisho. Yakigusa, rekebisha bolti za kuzuia mkato kwenye magurudumu, kila upande kwa kipimo chake. Ikiwa pamoja na matairi ulifunga rimu zinazotokeza nje zaidi, utahisi usukani ukipigwapigwa kwenye njia mbovu hata pembe zote zikiwa sahihi. Hilo hutokana na tairi kukanyaga mbali na mstari wa kingpini, na hakuna marekebisho ya alaimenti yatakayoliondoa isipokuwa kubadilisha rimu.

Ukirudi kwenye mashine, mwombe anayepima akuandikie kasta kabla na baada, na umwambie tou aiweke akiwa ameufunga usukani katikati kwa kibanio, boksi likiwa katikati kama Ndugu Mkono wa Chuma alivyoeleza. Kisha weka karatasi zote mbili hapa tuzione.